Diski Inayokufa Haitengenezwi, Hunakiliwa

Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Columbia kilivunjika juu ya Texas, Marekani, kikiwa njiani kurudi duniani. Wanaanga wote saba walipoteza maisha. Kati ya vipande vilivyookotwa baadaye kulikuwa na diski ya kompyuta ya takriban megabaiti 400, iliyobeba matokeo ya jaribio la kupima mnato wa gesi ya zenoni. Ilikuwa imeungua na uchafu umeingia ndani. Ilipelekwa kampuni ya Kroll Ontrack, jimboni Minnesota, ambako mhandisi Jon Edwards alizisafisha sahani zake, akazipachika katika diski nyingine, akasoma takriban asilimia 99 ya data. Mwaka 2008 matokeo ya jaribio lile yakachapishwa katika jarida la Physical Review E.

Sasa tuseme studio ya picha mtaani ina diski ya nje, ile ambayo wengi huiita eksteno, yenye picha za harusi za miaka sita. Imeanguka kutoka mezani, kimo kisichofika mita moja. Siku ya tatu inapelekwa kwa fundi, na hakuna kinachorudi. Iweje iliyoanguka kutoka angani itoe karibu kila kitu, na hii iliyoanguka kutoka mezani isitoe hata picha moja?

Bahati ilikuwepo, na ni haki kuitaja. Diski ya Columbia ilikuwa ya kizamani, na mfumo wa DOS ulikuwa umeziandika data zake zikifuatana, mbali na sehemu zilizoharibika. Diski nyingine mbili za chombo hicho hicho hazikutoa chochote. Lakini kuna jambo moja zaidi: baada ya kuanguka, diski ile haikuwashwa tena na mtu yeyote mpaka ilipofika mikononi mwa anayeijua kazi. Ile ya studio, katika siku zake tatu, ilichomekwa kwenye kila kompyuta iliyokuwa karibu. Hapo ndipo data nyingi hupotelea, na ndiyo sababu ya makala haya.

Ili kuelewa kwa nini kuwasha tu kunaweza kuharibu, tuingie ndani ya kasha. Diski ya kawaida ina sahani moja au zaidi zenye utando wa sumaku. Katika diski ndogo ya inchi 2.5, sahani hizo mara nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, kikibebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko huo huo. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni nanomita chache. Unene wa unywele mmoja unaizidi maelfu ya mara. Diski ikianguka, kichwa kinaweza kupinda au kuigusa sahani. Ukiiwasha katika hali hiyo, unaiburuta ncha iliyovunjika juu ya utando wenye picha zako, mara 90 kwa sekunde. Unga unaokwanguliwa hauna pa kwenda. Husambaa humo humo na kuumiza sehemu zilizokuwa nzima.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, sikiliza. Mlio wa tik-tik unaojirudia kwa mpangilio kwa kawaida ni wa kichwa kinachotafuta alama zake za mwongozo kwenye sahani, kinazikosa, kinarudi na kujaribu tena. Mlio mwembamba kama wa filimbi, huku diski haizunguki, mara nyingi ni mota inayoshindwa kuanza kwa sababu kichwa kimenasa juu ya sahani. Ukisikia mmojawapo wa milio hiyo, chomoa. Hakuna programu inayonyoosha chuma kilichopinda.

Kama diski iko kimya kabisa, kosa linaweza kuwa dogo kuliko hofu yako. Diski ndogo ya nje hula umeme wa tundu la USB peke yake: miliampea 500 kwa kiwango cha USB 2.0, na 900 kwa USB 3.0. Waya uliochoka au tundu dhaifu huweza kuinyima nguvu ya kuanza. Badilisha waya kwanza, kisha tundu. Wakati mwingine ubao mdogo wa kasha ndio uliokufa na diski yenyewe ni nzima, lakini usikimbilie kuihamishia kwenye kasha jingine. Baadhi ya diski za nje zina tundu la USB lililounganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa diski, na nyingine husimba data kupitia ubao wa kasha. Kwa hizo, kasha geni litaonyesha vurugu tupu.

Hali ya tatu ndiyo inayowapata wengi, na ndiyo inayodanganya zaidi: diski inazunguka vizuri, inaonekana kwenye kompyuta, ila imekuwa nzito. Folda inafunguka baada ya dakika kadhaa. Kunakili kunafika nusu na kuganda. Hapa sehemu ndogo za sahani, ziitwazo sekta, zimeanza kukataa kusomeka. Kila sekta hubeba baiti 512, au 4,096 katika diski mpya. Diski ikikutana na sekta mbovu hairuki. Huirudia tena na tena kwa sekunde nyingi, na mfumo wa kompyuta nao huiamuru irudie. Programu za kupima afya ya diski, kama CrystalDiskInfo, zinaonyesha mstari uitwao C5, ambao ni hesabu ya sekta zilizoshindikana kusomeka na zinazosubiri kuamuliwa. Namba hiyo ikiwa inapanda, muda wako unapungua.

Ni katika hali hii ndipo Windows hujitokeza na msaada wake: itauliza kama unataka kuifomati diski, au itapendekeza kuichunguza na kurekebisha makosa. Kataa yote mawili. Amri ya chkdsk imetengenezwa kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski yenye afya. Hufanya hivyo kwa kuandika juu ya diski ile ile, na ikikuta kumbukumbu ya faili isiyosomeka, huweza kuiondoa ili mpangilio uwe safi. Mpangilio utakuwa safi kweli, na faili zako hazitakuwemo. Kutengeneza na kuokoa ni kazi mbili zinazogombana. Kwanza okoa, na kazi yoyote ya kutengeneza ifanyike juu ya nakala.

Chombo kinachofaa kwa kazi ya kuokoa ni programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Huendeshwa kwenye Linux, ambayo unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows yako. Busara yake ni ile ya mtu anayeokoa vitu katika nyumba inayoungua. Huanza na vyumba vilivyo wazi, na mlango uliofungwa huuacha mpaka mwisho. Ddrescue hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, na ikikwama huruka mbele. Sehemu rahisi zikishakuwa salama, ndipo hurudi pembezoni mwa majeraha na kukwangua kilichobaki. Kila hatua huandikwa katika faili ya ramani, hivyo hata umeme ukikatika, kazi huendelea kutoka ilipoishia.

Amri ya kwanza huwa hivi: ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map. Alama ya -n huizuia isikwangue majeraha katika mzunguko huu wa kwanza. Ikimaliza, unairudia bila -n na kuongeza -r3, yaani ijaribu sehemu ngumu mara tatu. Kabla ya kubonyeza, tumia amri ya lsblk kuhakikisha /dev/sdb ndiyo diski mgonjwa kwenye kompyuta yako. Chanzo hutajwa kwanza na mahali pa kupokelea baadaye. Ukielekeza nakala kwenye diski isiyo sahihi, hakutakuwa na cha kuokoa. Diski ya kupokelea iwe na nafasi ya kutosha kuimeza yote, na isiwe ya FAT32, kwani mfumo huo haupokei faili inayofika gigabaiti 4. Terabaiti moja, kwa mwendo mzuri wa megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua karibu saa tatu. Kwa diski mgonjwa inaweza kuwa siku kadhaa. Iache. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nakala ikishakamilika, mgonjwa anapumzishwa na kazi inahamia kwenye nakala. TestDisk ya Christophe Grenier hutafuta mgawanyo wa diski uliopotea na huweza kurudisha folda pamoja na majina yake. Ikishindikana, dada yake PhotoRec hupekua kipande kwa kipande ikitafuta mianzo ya faili inayoijua. Kila picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8. Majina hayarudi. Picha ya bibi harusi itakuja ikiitwa f0482176.jpg, na mtu atakaa siku nzima akizipanga. Lakini itakuwa imerudi.

Kwa ile inayolia tik-tik, hakuna njia ya nyumbani. Kuiweka kwenye friza ni ushauri wa kuupuuza, kwa sababu ubaridi huleta unyevu ndani. Kuifungua mezani ni kuingiza vumbi ambalo kila chembe yake ni jabali mbele ya kichwa kinachoelea kwa nanomita chache. Kubadilisha ubao wa nje kwa wa diski nyingine nako mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa ubao hubeba vipimo vya diski hiyo moja tu. Kazi hii hufanywa katika chumba maalumu kilichochujwa vumbi, kwa vichwa vya diski pacha, na ni ghali. Muulize fundi swali moja kabla ya kumkabidhi: je, unafanyia kazi nakala, au diski yenyewe? Akisema diski yenyewe, ondoka nayo.

Wanasayansi wa jaribio lile la Columbia hawakuwa wameitegemea diski peke yake. Sehemu ya data zao ilikuwa imetumwa duniani kwa redio wakati chombo kikiwa bado salama angani. Diski yako inayozunguka vizuri leo iko katika wakati huo huo. Nunua ya pili, nakili yote, na uiweke katika nyumba nyingine.