Foni inaita Kinshasa, Likasi haisikii

Kwenye machimbo ambako telefone haiko na rezo, foni njo inabeba habari: mugonjwa, gari lililokwama, mutu aliyefunikwa na udongo. Ndani ya shimo haifiki, majiwe inazuia wimbi. Lakini mwenye kubaki juu, ku mudomo wa shimo, ni ku foni atakimbilia kuomba musaada.

Sasa siku ingine, kutoka upande wa Kolwezi, anaita Likasi. Haifiki hata kilometa 200. Kimya. Kiisha mutu wa Kinshasa, zaidi ya kilometa 1000, anamujibu na sauti safi kabisa! Pale maneno inaanza: ati mwenye foni wa Likasi amelala, ati kuna mutu alifunga mashini. Siye tunasema, mbele ya kulaumu mutu, muangalie juu.

Kuanzia kilometa 60 hivi mpaka mamia ya kilometa juu yetu, hewa ni nyepesi sana, na jua linaitia umeme. Wenye elimu wanaita fasi hiyo ionosfere. Tabaka yake ya juu inakunja wimbi la foni na kulirudisha chini, kama mupira uliopigwa ku plafo. Ni hivi sauti inafika Kinshasa. Lakini mupira unaruka watu. Wimbi lenye kutambaa ku udongo linachoka kiisha makumi ya kilometa tu, na lile la juu linaangukia mbali. Katikati kunabaki inchi isiyosikia kitu, na Likasi iko mule ndani.

Basi mushushe frekanse, kama ziko kati ya zile mulizopewa. Muchana, kama 14 megaherzi inaruka jirani, mujaribu 7. Usiku mushuke tena, 4 ao 3, sababu jua likiisha kuingia tabaka ya juu inalegea, na frekanse kubwa zinaitoboa, zinaenda zao.

Na waya wa antena? Wengi wanaupandisha juu kabisa. Kwa kuita mbali, ni vizuri. Kwa jirani, ulale, metre tatu ao ine tu juu ya udongo: wimbi linapanda wima na kurudi karibu, hata nyuma ya milima.

Kuna kimya kingine, nacho kinatisha zaidi. Muchana, jua kali, batri imejaa, na kwa rafla foni yote inakufa, karibu na mbali. Jua limelipuka. Miale ya mulipuko inafika kwetu kiisha dakika nane, inanenepesha tabaka ya chini, na tabaka hiyo inameza mawimbi. Mwezi wa tano 2024 milipuko ya namna hii ilifuatana, ikaleta dhoruba kubwa kupita zote tangu 2003. Tunajua mafundi wenye kufungua mashini nzima siku kama hiyo, na ku mwisho wanaiharibu kweli. Muiache. Mujaribu frekanse ya juu, sababu ile njo inafufuka ya kwanza. Za chini zinakawia, pengine saa moja ao zaidi. Ngambo ya dunia, kwenye usiku, watu wanaendelea kuitana bila kujua kama kuna kitu kilipita.