Maji Taka Yanaporudi Kisimani

Mkazi wa pwani anayechota maji kisimani anaijua dalili ya kwanza: chai ina ladha ya chumvi na sabuni haitoi povu. Bahari imeingia. Chini ya ardhi, maji baridi hukaa yakiisukuma bahari nyuma. Pampu zikiyavuta kupita kiasi, nguvu yake hupungua na chumvi husogea kuelekea visimani.

Kaunti ya Orange, kusini mwa Los Angeles nchini Marekani, ilifikwa na jambo hilo zamani. Kufikia miaka ya 1950, mashamba na miji ilikuwa imevuta maji mengi mno, na bahari ilikuwa imepenya kilomita kadhaa kuelekea bara. Wahandisi waliamua kuijengea ukuta wa maji. Mwaka 1976 mtambo ulioitwa Water Factory 21 ulianza kusukuma maji taka yaliyosafishwa ndani ya visima vilivyochimbwa karibu na pwani, ili yaizuie bahari.

Mtambo uliochukua nafasi yake ulianza kazi mwaka 2008 katika mji wa Fountain Valley. Baada ya kupanuliwa mwaka 2023, unaweza kutoa takriban lita milioni 490 kwa siku, kiasi cha kutosha watu wapatao milioni moja.

Maji hayo yametoka vyooni, jikoni na bafuni, na yanafika mtamboni yakiwa yamekwisha kusafishwa kwa hatua za kawaida. Hapo hupitishwa kwanza kwenye nyuzi nyembamba zenye vitundu vya maikroni 0.2, ambavyo bakteria wengi hawavipiti. Kisha hukandamizwa kwa nguvu dhidi ya utando unaoruhusu maji huku ukizuia chumvi, virusi na mabaki ya dawa za hospitali. Mwisho humwagiwa haidrojeni peroksaidi na kumulikwa kwa miale ya urujuanimno, inayovunjavunja molekuli ndogo zilizoponyoka.

Yanayobaki ni maji yasiyo na madini karibu kabisa. Yakiachwa hivyo yangekula saruji ya mabomba, kwa hiyo huongezewa chokaa kidogo kabla ya kuondoka. Sehemu huenda kwenye visima vya pwani kuendeleza ule ukuta. Sehemu kubwa husafiri takriban kilomita 20 hadi mabwawa ya Anaheim, ambako huzama taratibu katika mchanga na changarawe hadi kwenye hifadhi ya chini ya ardhi, tayari kuvutwa tena na visima vya miji.

Wengi wangedhani hatari iko kwenye maji ya choo. Lakini ilikuja kwa njia nyingine.

Hifadhi hiyo hujazwa pia na Mto Santa Ana, unaopokea maji taka yaliyosafishwa ya miji ya juu, ambayo hayakupitia ule utando. Pamoja nayo zilishuka kemikali za PFAS, zilizotumika kwa miongo katika vikaango visivyoshika chakula, vitambaa visivyolowa na povu la kuzimia moto. Hazivunjiki kirahisi, na tafiti zimezihusisha na saratani ya figo, lehemu kupanda na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Februari 2020 jimbo la California liliteremsha kiwango cha tahadhari hadi nanogramu 10 kwa lita kwa aina iitwayo PFOA, na makumi ya visima vya kaunti vikazimwa.

Kuisafisha hifadhi nzima haiwezekani, hivyo kazi ikahamia mdomoni mwa kisima. Mtambo wa kwanza ulifunguliwa Fullerton mwaka 2021. Maji hupita kwenye tangi lililojaa punje za resini, ndogo kama mbegu za mchicha, zinazozinasa PFAS na kuacha maji yapite. Nyuma yake kuna tangi la pili, la kudaka chochote kitakachoponyoka punje za kwanza zikianza kushiba. Zikishiba hutolewa na kuwekwa mpya, na gharama hiyo hurudi kila mara.

Ni uonevu mkubwa kwamba mzigo huo unamwangukia anayelipia maji, wakati hakuzitengeneza kemikali hizo wala hakuulizwa. Mamlaka za maji za kaunti hiyo zilifungua kesi dhidi ya watengenezaji mwaka 2020. Aprili 2024 serikali kuu ya Marekani iliweka kikomo kikali zaidi kwa PFOA: nanogramu 4 kwa lita. Maji yanayotoka kwenye ule mtambo wa Fountain Valley, yaliyoanzia chooni, yalikuwa tayari yamechujwa kemikali hizo kabla hayajagusa ardhi.