Sambusa na Ndugu Yake wa Uchina

Wachina wana chakula kiitwacho jiaozi: chapati nyembamba ya unga wa ngano hujazwa nyama iliyokatwakatwa na kabichi, ikafumbwa, ikatokoswa. Huko Turpan, kaskazini-magharibi mwa China, jiaozi zilizokauka za enzi ya Tang zimefukuliwa makaburini.

Katika pwani ya Wabajuni, tangu Kismayu hadi Burgao, ndugu wa chakula hicho ni sambusa. Manda hukunjwa pembe tatu, hutiwa nyama au samaki kwa vitunguu na bizari, kisha hukaangwa. Nyama ya watu wawili huwafikia wengi; hesabu hiyo kila mpishi wa kambi aijua.

Basi Julai 2011 iliripotiwa kwamba al-Shabaab, waliokuwa wakiitawala Kismayu, wamepiga sambusa marufuku. Ilidaiwa eti pembe zake tatu zafanana na Utatu wa Wakristo. Ajabu iliyoje! Tarehe 20 mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Ramadhani iliingia Agosti, na futari ya pwani bila sambusa ni futari pungufu.

Mwishoni mwa Septemba 2012 askari wa Kenya walishuka ufukweni Kismayu, na kundi hilo likauhama mji.