Dawa za Saratani na Maji ya Jirani

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanywao maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yao yale yaliyosalia, hata wenzao hawana budi kunywa matope. Kwa kawaida twalihubiri neno hili juu ya wenye nguvu na tamaa. Katika makala hii twauliza swali lililo gumu zaidi: je, tendo jema la kuponya laweza nalo kuyachafua maji ya jirani?

Tuchukue mfano wa siklofosfamidi. Asili yake ni gesi ya haradali, silaha iliyotumiwa karibu na Ypres mwaka 1917. Ilipoonekana kwamba sumu za jamii hiyo huangamiza chembe nyeupe za damu, mgonjwa wa saratani alitibiwa kwa mojawapo huko Yale, Marekani, mwaka 1942. Siklofosfamidi ilifuata katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1960 iliwaponya baadhi ya watoto wa Afrika Mashariki waliokuwa na uvimbe wa taya ulioelezwa na daktari Denis Burkitt, wa Kampala, mwaka 1958. Silaha iligeuzwa kuwa tiba, nasi twamshukuru Mungu.

Lakini dawa haiishii mwilini. Kadiri ya asilimia 10 hadi 20 ya siklofosfamidi hutoka katika mkojo bila kubadilika. Mitambo ya kawaida ya kusafisha maji taka hutegemea bakteria wanaokula uchafu, na bakteria hao huivunja dawa hii kwa shida sana. Ndiyo sababu uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliikuta katika mito na maziwa ya Uswisi, kwa kiasi kilicho chini ya nanogramu moja katika lita. Nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa kwa bilioni.

Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na kipimo cha tiba, wala si haki kuwatisha watu kwacho. Mashaka yako penginepo. Dawa hizi nyingi hufanya kazi kwa kuharibu urithi ulio ndani ya chembe hai, nao samaki na mwani hawana maji mengine ya kukimbilia, kizazi baada ya kizazi. Tena udogo wa kiasi si ushahidi wa usalama. Katika ziwa moja la majaribio nchini Kanada, kati ya mwaka 2001 na 2003, wataalamu walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, kadiri ya nanogramu 5 katika lita. Aina moja ya samaki wadogo ilikaribia kutoweka kabisa. Homoni hiyo si dawa ya saratani, lakini funzo latuhusu.

Uswisi haikupiga marufuku tiba. Tangu mwaka 2016 sheria yake yaitaka mitambo iliyoteuliwa iongeze hatua ya ozoni au makaa maalumu, na gharama hubebwa na wote kwa mchango mdogo. Kwetu, kando ya Ziwa Victoria, watu huchota maji na kuvua samaki katika ziwa lile lile lipokealo maji taka ya miji yao.

Basi yatupasa nini? Kwanza, mgonjwa asitwikwe hatia. Mchungaji atakayemfanya mama mwenye saratani aionee haya dawa yake amekosa maana ya Injili. Pili, tuwafundishe waumini kwamba vidonge vilivyobaki havitupwi chooni bali hurudishwa hospitalini, na kwamba amhudumiaye mgonjwa avae glavu anaposhika mkojo wake kwa siku mbili za kwanza baada ya tiba. Tatu, sisi tuketio katika bodi za hospitali za Kanisa tuulize mabaki ya dawa hizi huenda wapi. Hayapaswi kumwagwa katika sinki. Huhitaji tanuri la joto linaloweza kufikia nyuzi 1200 za Selsiasi, na tanuri la kawaida la hospitali ndogo haliwezi.

Katika maelezo ya Kifungu cha Kwanza cha Imani, Luther hukiri uumbaji wa mwili wake pamoja na viumbe wote. Aliye kitandani na aliye kisimani wako chini ya ungamo hilo moja. Bodi inayomnunulia wa kwanza dawa haiwezi kumsahau wa pili katika bajeti yake.