Sisimizi Hawapandi Bure

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mshubiri wako wa barazani, usiwapulizie dawa. Wafuate. Watakupeleka hadi kwapani mwa jani, na huko utakuta kitu cheupe kama pamba iliyochambuliwa. Hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kutoa umajimaji mtamu, na sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu huo kama mfugaji na ng'ombe wake.

Ukoo huu una historia katika nchi ya kahawa. Kidung'ata wa kahawa alivamia nyanda za juu za Kenya miaka ya 1920. Wataalamu wakamdhania kuwa spishi ya Asia, wakaenda kusaka maadui zake huko. Maadui walioletwa kutoka huko hawakufua dafu. Mwaka 1935, wakati ambapo wakulima Waafrika wa Meru na Embu ndio kwanza wameruhusiwa kupanda kahawa, mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley alimwainisha kuwa spishi mpya, ambayo leo huitwa Planococcus kenyae. Kumbe asili yake ni Uganda, hapo jirani tu! Nyigu wadogo aina ya Anagyrus walioletwa kutoka huko mwaka 1938 ndio waliomweza.

Barazani kwako hutahitaji nyigu. Chovya pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, umguse kila mdudu, kisha rudia kila wiki kwa wiki tatu, maana mayai hubaki. Ng'oa mmea pia uangalie mizizi: wapo vidung'ata wanaoishi udongoni.

Vipele vya kahawia shinani vikwangue kwa ukucha. Kipele kikibanduka, ni mdudu gamba, naye dawa yake ni spiriti hiyohiyo. Kisipobanduka, huenda ni gome la uzee tu, achana nalo. Kule chini Mbeere, kwenye joto na ukavu, shaka iwe juu ya utitiri mwekundu: gonga jani juu ya karatasi nyeupe, uone kama vumbi litatembea. Na mshubiri wenye madoa meusi magumu yaliyozungukwa na rangi ya chungwa una kutu. Aghalabu mmea huziba kidonda wenyewe, usiupige dawa kila Jumamosi.

Lakini kwa ninavyoona mimi, kinachoua sakulenti nyingi (mimea inayohifadhi maji, kama mshubiri) za miteremko ya Mlima Kenya ni kuoza. Julai ni baridi na ukungu, jua halionekani, na udongo wetu mwekundu ukilowa haukauki upesi ndani ya chungu. Hapo kuvu wa fuzari na vimelea wenzake hupata karamu. Jani likilegea, mwenyewe huongeza maji. Libonyeze kwanza! Jani lenye kiu limekunjamana kama ngozi, lakini halitoi maji. Lililooza ni teketeke na linang'aa kama limechemshwa.

Dawa ya shaba iliyobaki stoo baada ya kupulizia kahawa haifufui mzizi uliooza. Chukua kisu. Kata juu ya sehemu iliyooza, utazame katikati ya shina: ukiona doa au pete ya kahawia, kata tena juu zaidi, ukifuta kisu kwa spiriti kila mara, hadi nyama iwe safi kabisa. (Kama ni mnyaa, kinga macho, utomvu wake mweupe unachoma vibaya.) Kipande kizima kiache kivulini, penye hewa, siku 7 hadi 10, mpaka kidonda kiote ngozi. Kipande kinachopandwa kibichi huoza tena.

Changanya udongo nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni wenye punje kubwa pamoja na changarawe. Chungu kiwe na tundu chini. Panda, na usimwagilie hata tone kwa wiki nzima.