Bakteria wa chupa: Je, watawaokoa samaki wako?

Na Mwandishi Wetu

SIKU hizi tangi la samaki si pambo la hoteli kubwa pekee. Utalikuta katika chumba cha kungojea daktari wa meno, katika duka la kinyozi na katika sebule za nyumba za kupanga kule Buruburu, South B na Nyali. Watoto hupenda kulitazama, na mtu mzima aliyetoka kazini akiwa amechoka huketi mbele yake akapata utulivu. Lakini muulize mtu aliyewahi kununua tangi jipya jinsi samaki wake wa kwanza walivyoishi. Wengi watakujibu kwamba walikufa kabla ya wiki ya tatu kwisha, mmoja baada ya mwingine, ilhali maji yalikuwa maangavu na chakula hawakukosa.

Mwenye tangi hulaumu chakula. Mwenye duka naye humlaumu mwenye tangi kwa kuwalisha samaki kupita kiasi, kisha humuuzia wengine. Sasa humuuzia na kichupa pia. Ndani yake, aambiwa, mna bakteria hai. Wamimine leo na samaki watie leo leo. Je, ni kweli? Bakteria hao wapo na kazi yao ni ya kweli. Taabu ni kwamba si kila chupa imewabeba, na hata ile iliyowabeba yaweza kukufikia wakiwa wamekwisha kufa.

Sumu isiyoonekana

Kiumbe yeyote anayekula protini hubaki na taka yenye naitrojeni. Mwilini mwa binadamu taka hiyo huwa amonia, na ini huigeuza upesi kuwa urea ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ndiyo maana mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana huweza kuchanganyikiwa akili. Taka ambazo ini lingezisafisha, amonia ikiwemo, zimefika kwenye ubongo. Samaki hana haja ya safari hiyo ndefu. Yeye huitoa amonia moja kwa moja kupitia matamvua, yale mashavu yake mekundu ya kupumulia. Mtoni au ziwani, maji mengi huichukua ikatawanyika. Katika tangi la lita 60 haina pa kwenda.

Ukali wa amonia hutegemea maji yenyewe. Katika maji ya nyuzi 25 yenye kipimo cha pH 7, sehemu isiyofika 1 kwa 100 ya amonia ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. pH ikifika 8, sehemu hiyo hupanda hadi kama 5 kwa 100, na ikifika 9 huwa zaidi ya theluthi moja. Hii ndiyo sababu majirani wawili wa jiji moja, wenye matangi sawa na samaki sawa, huona mambo tofauti. Mmoja anatumia maji ya mfereji yaliyotoka bwawa la Ndakaini, ambayo ni mepesi. Wa pili ananunua maji ya lori yaliyovutwa kutoka kisima kirefu, na maji ya visima vya Nairobi aghalabu huwa na umagadi. Amonia ile ile humuunguza samaki wa jirani wa pili kwa ukali zaidi.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Kundi la pili huichukua nitriti na kuifanya nitrati. (Msomaji azitazame herufi vizuri, kwani majina haya mawili yamewapoteza wengi.) Nitrati haina madhara makubwa kwa samaki ikiwa maji hubadilishwa kila baada ya muda. Nitriti ni jambo jingine. Huingia katika damu ya samaki na kuharibu uwezo wa chembe nyekundu kubeba oksijeni, damu ikawa na rangi ya kahawa. Samaki huja juu akitweta, na mwenyewe hushangaa, maana pampu ya hewa inafanya kazi usiku na mchana.

Maradhi haya yana ndugu yake kwa binadamu. Mwaka wa 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye nitrati nyingi. Mwilini mwa mtoto mchanga nitrati ilikuwa ikigeuka nitriti, na damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na nitriti miligramu 3 tu.

Katika tangi jipya makundi haya ya bakteria hayapo kwa wingi unaotosha. Huja yenyewe polepole na kujenga makao juu ya changarawe, vioo na hasa katika sponji ya kichujio. Kazi hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, kwa kuwa bakteria hawa si kama wale wanaochachusha uji, ambao huongezeka maradufu upesi. Hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi, ndipo mmoja awe wawili. Samaki waliotiwa siku ya kwanza hukutwa na sumu katikati ya kungoja huko.

Ni bakteria gani walio ndani?

Bakteria wa namna hii hawakugunduliwa jana. Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga mwaka wa 1890 alipokuwa akifanya kazi Zurich, Uswisi. Kwa miaka mingi baadaye vitabu vya wafugaji vilifundisha kwamba kundi la kwanza ni Nitrosomonas na la pili ni Nitrobacter, na waliotengeneza chupa wakafuata vitabu. Halafu mnamo 1996 Wamarekani Timothy Hovanec na Edward DeLong wakachunguza vichujio vya matangi yenyewe. Katika matangi ya maji yasiyo ya chumvi hawakumwona huyo Nitrobacter. Miaka miwili baadaye Hovanec na wenzake wakaonyesha kwamba wanaoila nitriti mle ni jamaa za Nitrospira. Ni haki msomaji ajue kwamba Hovanec alikuwa mtafiti wa kampuni ya bidhaa za matangi, na baadaye akafungua kampuni yake ya kuuza bakteria. Hata hivyo, wengine wasio na duka wamewakuta Nitrospira pia. Mwaka wa 2015 makundi mawili ya wanasayansi wa Ulaya yalitangaza kwamba baadhi ya Nitrospira huweza kufanya hatua zote mbili peke yao, na kundi moja liliwapata katika mfumo wa kufugia samaki.

Kwa mnunuzi maana yake ni moja: soma karatasi ya chupa. Ukiona Nitrosomonas na Nitrospira wametajwa, una sababu ya kutumaini. Ukiona ni Bacillus peke yake, ujue unanunua kitu kingine. Bacillus hujifunika ganda gumu kama mbegu na huweza kukaa rafuni miaka bila kudhurika, jambo linalompendeza mwenye duka. Lakini wao hula mabaki ya chakula na kinyesi, na katika kufanya hivyo huweza hata kuongeza amonia. Chupa iliyoandikwa "bakteria wenye manufaa" bila jina lolote, mimi singeinunua.

Wale wa kweli hawana ganda. Joto kali huwaua, na kuganda kwa barafu huwaua vilevile. Mama yeyote aliyempeleka mtoto kliniki ameona muuguzi akiitoa chanjo kutoka sanduku lenye baridi. Anajua kwamba chanjo iliyopigwa na jua ni maji tu. Chupa hii ni vivyo hivyo. Imetoka ng'ambo, imekaa bohari, imepanda gari, kisha imewekwa dirishani pa duka jua likiichoma ili wapita njia waione. Tazama tarehe ya mwisho, uliza ilihifadhiwa wapi, na ukipata duka linaloiweka mahali pa baridi, nunua hapo hata kama bei imezidi kidogo.

Kuna njia ya kuijaribu kabla ya kuhatarisha uhai wa samaki. Chukua ndoo mbili za maji yaliyoondolewa klorini, uzitie mpira wa hewa kila moja, na uongeze amonia kidogo iliyo sawa katika zote mbili. Amonia hiyo iwe ile isiyo na sabuni wala manukato. Ndoo moja itie bakteria wa chupa, nyingine usiitie. Pima kila siku kwa dawa ya matone inayouzwa katika maduka ya samaki. Ikiwa baada ya wiki moja au mbili amonia ya ndoo ya kwanza imeshuka na ya pili imesimama palepale, bakteria wako wako hai. Zikiwa sawa, rudi dukani na karatasi yako ya vipimo.

Kabla ya kutia samaki

Adui wa kwanza wa bakteria hawa ni klorini ya mfereji, kwani imetiwa ili kuua bakteria. Maji yakikaa ndooni wazi kwa siku nzima, klorini nyingi hutoka. Ila ikiwa maji yametiwa kloramini, kungoja hakusaidii, nayo dawa ya kuondoa klorini hutumika. Mahali penye mgao wa maji ni vizuri kuwa na mtungi wa lita 20 uliokwisha tayarishwa, kwa sababu siku ya hatari huenda ikawa siku ya mfereji mkavu.

Baada ya kumimina chupa, kichujio kifanye kazi mfululizo. Bakteria hawa hupumua oksijeni, na stima ikipotea kwa saa nyingi huanza kufa ndani ya sponji. Joto la nyuzi 25 hadi 28 huwafaa. Miezi ya Juni na Julai, tangi la Nairobi lisilo na kipasha joto hupoa sana, nao huzubaa. Maji yakiwa mepesi mno yakaelekea uasidi, pH ikishuka chini ya 6, karibu waache kazi kabisa. Vipande vichache vya makombe ndani ya kichujio husaidia.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba bakteria lazima wale. Ukiwamimina katika tangi tupu ukaliacha wiki mbili likiwa "linajiandaa", utawakuta wamedhoofika kwa njaa. Ama utie amonia ya kupimwa, wengi hushauri kama miligramu 2 kwa lita, ama utie samaki wachache wagumu, watatu au wanne wadogo kwa lita 60, uwalishe kidogo sana. Amonia ikitoweka ndani ya siku moja na nitriti ikatoweka nayo, tangi liko tayari. Kabla ya hapo, ukiwa na samaki na kipimo kikapanda, badilisha theluthi ya maji siku hiyo hiyo bila kungoja Jumamosi.

Asiye na pesa za chupa ana njia nyingine, na kwa maoni yangu ni bora kuliko zote. Mwombe rafiki mwenye tangi la miezi mingi, ambalo samaki wake ni wazima, akukatie kipande cha sponji ya kichujio chake. Kibebe katika maji ya tangi lake mpaka kwako. Ni kama anayegandisha maziwa kwa kutia kijiko cha maziwa lala ya jana: wafanyakazi wamehamia wakiwa hai na wakiijua kazi. Hatari yake ni kwamba ugonjwa wa tangi lile nao huweza kuhama.

Ukishalifikisha tangi hapo, usiliharibu kwa usafi. Sponji ya kichujio haioshwi kwa sabuni wala chini ya mfereji. Isuuze kidogo katika ndoo ya maji uliyoyatoa tanginimo. Wako waliowaua samaki wa mwaka mzima kwa kuisugua sponji hadi ikawa nyeupe.

Na afya ya mwenye tangi?

Bakteria wanaokula amonia na nitriti hawana haja na mwili wa binadamu na hawaleti ugonjwa. Lakini maji ya tangi huwa na wengine. Mmoja wao ni Mycobacterium marinum, jamaa wa mdudu wa kifua kikuu, aliyetambuliwa mwaka wa 1926 katika samaki wa tangi la maonyesho mjini Philadelphia. Huingia kupitia mkwaruzo au kidonda. Baada ya wiki kadhaa kivimbe kigumu, chenye wekundu au zambarau, hutokea kwenye kidole au mkono. Hakiumi sana, hakiponi, na wakati mwingine vingine hujipanga kupanda mkononi. Kwa kawaida hakishuki mapafuni, kwa kuwa mdudu huyu hupenda joto la nyuzi 30 hivi, na ndani ya mwili ni moto kupita hapo.

Mwenye kidonda mkononi avae glavu au amwachie mwingine kazi ya kuosha tangi. Usinyonye mpira kwa mdomo ili kuvuta maji, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, ya watoto hasa. Ndoo ya tangi isiwe ndoo ya jikoni. Matibabu ya kivimbe hicho ni dawa za kuua bakteria kwa miezi kadhaa, na ucheleweshaji mwingi hutokea kwa sababu daktari hadhani kama kuna samaki katika habari hii. Ukienda kuonyesha kidole kisichopona, mwambie kwamba nyumbani una tangi.