Sh44,000 za kila dirisha: zinavyoweza kufika kliniki, shuleni na bandani

Familia nyingi za Kabuku, wilayani Handeni, huona fedha kwa msimu. Machungwa yakiiva kuna fedha, mahindi yakivunwa kuna fedha, mwenye kibarua kwenye mashamba ya mkonge naye hupata chake siku akiitwa. Shida za mtoto hazifuati msimu. Homa inakuja usiku wa Februari ghala likiwa tupu, na mwalimu anataka daftari wiki ya kwanza ya Januari.

Pengo hilo ndilo linalowafanya wazazi wauze kwa hasara. Katika maeneo ya machungwa mkoani Tanga, wapo wanaomkabidhi dalali mazao ya mwaka mzima miti ikiwa bado ina maua, kwa sababu kuna ada ya kulipa au mgonjwa wa kupeleka hospitali. Mahindi nayo huuzwa wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kisha miezi michache baadaye familia ileile inayanunua kwa bei ya juu. Mzazi wa namna hiyo anajua kupanga vizuri tu. Kinachomkosa ni kiasi kidogo cha fedha ndani ya mwezi usio na mavuno.

Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (Tasaf), ulianza mwaka 2012 na ukafikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Kipindi cha pili kilizinduliwa mwaka 2020. Kaya zinatajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa kijiji, kisha zinahakikiwa. Malipo hutolewa kila baada ya miezi miwili, na walengwa huyaita "dirisha". Mpokeaji kwa kawaida ni mama.

Fedha hiyo ina masharti. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apelekwe kliniki kila mwezi, anayefuata hadi miaka mitano kila miezi sita, na mwanafunzi asikose kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za shule. Kaya isiyotimiza hukatwa.

Hesabu ya mama mmoja

Kwa viwango vya kipindi cha kwanza, kaya ilipata Sh10,000 za msingi kwa mwezi, Sh4,000 kwa kuwa na watoto, Sh4,000 nyingine ikiwa ina mtoto wa chini ya miaka mitano anayehudhuria kliniki, na Sh2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Ukomo ulikuwa Sh38,000. Katika kipindi cha pili viwango viliongezwa, ila hesabu ya awali inafaa kuonyesha jambo lenyewe.

Chukua mama mwenye mtoto wa mgongoni na wawili walio shule ya msingi. Anapata Sh22,000 kwa mwezi. Dirisha likifunguka anashika Sh44,000.

Sasa aweke malengo mezani. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa, ile ya CHF, imekuwa ikitozwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Akiilipa yote kwa mkupuo, zaidi kidogo ya theluthi mbili ya dirisha imekwenda. Ada ya shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na kalamu bado viko begani kwa mzazi. Na katikati ya hayo yote kuna unga, mafuta ya taa na sabuni.

Mtu wa mjini akiangalia hesabu hii anaweza kucheka. Asicheke haraka.

Kilichoonekana Bagamoyo, Kibaha na Chamwino

Kabla ya mpango kuenea nchi nzima, Tasaf ilifanya majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichukuliwa vijiji 80. Kwa bahati nasibu, 40 vilianza kupata ruzuku mwaka 2010 na 40 vikasubiri, ili watafiti waweze kulinganisha.

Kaya zilizopata ruzuku zilinunua bima ya afya kwa wingi kuliko zile zilizokuwa zinasubiri. Mwanzoni zilikwenda kliniki zaidi, kisha safari za watoto wadogo zikapungua. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba watoto walikuwa wameanza kuugua kidogo: watoto wa chini ya miaka mitano walipunguza siku za kuugua kila mwezi. Wasichana waliomaliza darasa la saba waliongezeka.

Na kuna jambo dogo ambalo ripoti za namna hii hulipita haraka: viatu. Wazazi waliopata ruzuku walinunulia watoto viatu. Mtu anaweza kudhani ni urembo tu, lakini minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi, ikaenda kunyonya damu tumboni. Mtoto mwenye safura anapungukiwa damu, anasinzia darasani na anaitwa mvivu. Kiatu ni kinga, sawa na chandarua.

Jambo la tatu ni mifugo. Kaya hizo ziliongeza mbuzi na kuku. Kuku kwa mama wa kijijini ni akiba inayotembea, anaweza kuuza mmoja leo bila kugusa mtetea anayeatamia. Adui wa akiba hiyo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaoweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Chanjo yake ni tone moja kwenye jicho la kuku, kila miezi mitatu au minne, na ni ya bei nafuu hasa majirani wakichangia chupa moja. Mzazi anayeweka fedha ya dirisha kwenye kuku bila chanjo anacheza kamari.

Upatu unavyogeuza ndogo kuwa kubwa

Swali la ukubwa wa fedha limepimwa nchini Kenya pia. Shirika la GiveDirectly lilianza kulipa wanavijiji wa kaunti za Siaya na Bomet, wengine wakipewa Sh2,250 za Kenya kila mwezi na wengine kiasi kikubwa kwa mkupuo. Jaribio la awali la shirika hilo huko Rarieda, Siaya, lilionyesha tofauti iliyo wazi: waliolipwa kidogo kidogo walikula vizuri zaidi, waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu.

Lakini watu hawakukaa na kiasi walichopangiwa. Wengi waliokuwa wanalipwa kila mwezi, hasa waliojua kwamba malipo yataendelea kwa miaka mingi, walicheza upatu. Kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anapokea zote, mwezi ujao zamu ya mwingine. Kwa njia hiyo fedha ya unga iligeuka kuwa mtaji wa genge.

Akina mama wa Handeni na Korogwe hawahitaji kufundishwa upatu. Tasaf nayo imekuwa ikihamasisha walengwa kuunda vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye hisa, sanduku na mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye msiba au ugonjwa. Mama wa Sh44,000 akiweka Sh5,000 kila dirisha, mwisho wa mwaka ana Sh30,000 alizochanga mwenyewe. Ndiyo ile bima ya mwaka, na hakulala njaa kuipata.

Kinachobomoa mpango huu kwa haraka ni mikopo ya kausha damu. Ruzuku ikishaahidiwa kwa mkopeshaji, dirisha linafunguka na fedha ina mwenyewe tayari.

Mimba isisubiri mavuno

Matokeo makubwa kuliko yote kwa wazazi yalitangazwa mwaka 2025, tena kutoka Siaya. Watafiti walifuatilia vijiji ambavyo kati ya mwaka 2014 na 2017 kaya maskini zilipewa kiasi cha dola 1,000 za Marekani kila moja. Vifo vya watoto wachanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu.

Sababu mbili zilijitokeza. Ya kwanza, wajawazito walipumzika. Kazi zao za shamba na vibarua zilipungua kwa karibu nusu katika miezi ya mwisho ya mimba na ile ya mwanzo baada ya kujifungua. Ya pili, wengi zaidi walijifungulia hospitali, na faida ilikuwa kubwa kwa wale waliokuwa karibu na hospitali yenye daktari. Penye umbali mrefu, fedha ilisaidia kidogo.

Kiasi hicho ni mara nyingi zaidi ya ruzuku ya Tasaf, kwa hiyo si haki kutarajia matokeo yaleyale. Ila somo la kupumzika linahusu Handeni moja kwa moja. Hii ni wilaya ambayo shida ya maji ni ya miaka mingi, na ndoo ya maji iko juu ya kichwa cha mwanamke hata akiwa na mimba ya miezi minane. Kama fedha ya dirisha inaweza kumlipa kijana wa baiskeli alete madumu kwa wiki chache za mwisho, hayo ni matumizi ya afya, hata kama hayaandikwi kwenye kadi ya kliniki.

Huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ni bure kwa mujibu wa sera. Usafiri si bure. Bodaboda ya usiku kutoka kijiji cha ndani hadi kituo cha afya, au rufaa kwenda Korogwe mjini au Handeni mjini, inataka fedha taslimu papo hapo. Dirisha la mwisho kabla ya tarehe ya matarajio lisiliwe lote. Nauli iwekwe kando na baba ajue ilipo. Mama akitokwa na damu, akiumwa kichwa kikali huku anaona maluwiluwi, akivimba uso na mikono, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, safari ianze hapohapo bila kungoja asubuhi.

Maneno ya vijiweni

Linalosemwa sana vijiweni ni kwamba fedha ya bure huishia kwenye pombe. Watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali wakaangalia jambo hilo. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, na mara nyingi yalipungua. Mlevi yupo, lakini alikuwapo kabla ya ruzuku.

Lingine ni kwamba fedha mkononi mwa mke huleta ugomvi. Huko Rarieda ukatili wa kimwili dhidi ya wanawake ulipungua, fedha iwe imepewa mke au mume. Dhiki yenyewe ni chanzo cha kelele nyingi za ndani.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni simu. Malipo yanapopitia mitandao ya simu, mama asiye na kitambulisho cha taifa hawezi kusajili laini kwa jina lake, hivyo fedha inaingia kwenye laini ya mtoto au shemeji. Kuhangaikia namba ya Nida kuna faida kuliko kubishana kila dirisha. Na dirisha lenyewe likichelewa mwezi mzima, mahesabu yote ya hapo juu yanavurugika: upatu unakatika, na machungwa yanauzwa tena yakiwa maua. Serikali inayodai mtoto asikose kliniki nayo ina deni la tarehe.

Ruzuku pia hupungua mtoto anavyokua. Mdogo wa yule mama akitimiza miaka mitano, Sh4,000 za kliniki zinaondoka. Akianza darasa la kwanza zinarudi Sh2,000. Dirisha linashuka kutoka Sh44,000 hadi Sh40,000. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, yaani madirisha mawili na nusu, kwa hiyo jike aliyenunuliwa mtoto akiwa na miaka mitatu anaweza kuwa amezaa zaidi ya mara moja kabla ya siku hiyo.